Akwangua lami aliyoimwaga kwa mikono yake

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Verle Dirks anasimamisha mashine mbele ya lango la Galen Stucky. Nyuma yake kuna lami, nzima, imezibwa viraka vizuri. Mbele yake nayo ni lami, lakini hiyo haitaiona jioni. Anavuta mkono wa chuma, meno ya mashine yanashuka, na barabara inaanza kupasuka.

Upepo wa Kansas mwezi wa Aprili hauna adabu. Unamrushia vumbi jeusi usoni, unamwingia masikioni, na kofia yake ameifunga kwa kamba chini ya kidevu ili isimkimbie. Kulia na kushoto ni ngano changa, na hakuna mtu.

"Hii niliimwaga mimi," anapaza sauti kuishinda injini. "Mwaka themanini na saba. Wakati huo nilikuwa na nywele."

Ana umri wa miaka sitini na mmoja. Miaka thelathini na moja kati ya hiyo ameitumikia idara ya barabara ya wilaya ya Tarrow, na leo analipwa dola kumi na saba na senti arobaini kwa saa. Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Kazi aliyopewa wiki hii ni kuing'oa lami ya maili moja na nusu, kuisaga na kuirudisha barabara kwenye changarawe, kama ilivyokuwa enzi za baba yake.

Wilaya inasema haina fedha ya kuitengeneza, na lami yenye mashimo ni hatari kuliko barabara ya vumbi. Hilo Verle halibishi. Ameyaziba mashimo hayo mwenyewe miaka minne mfululizo kwa koleo, na kila majira ya baridi kali yakipita yanafumuka upya.

Nyumba yake ipo kwenye barabara hii hii, robo tatu ya maili kutoka lango la Galen. Ukisimama hapa unaliona paa. Ndani ya nyumba hiyo yumo mkewe, Ardis, ambaye figo zake zimekufa, na ambaye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni lazima asafirishwe maili arobaini na saba kwenda kusafishwa damu.

Gari linalomchukua ni la shirika dogo la kusaidia wazee. Mwaka juzi lilikwama kwenye tope shamba fulani, likavunjika ekseli, na tangu hapo shirika likaweka amri: mvua ikinyesha, gari halikanyagi barabara isiyo na lami. Na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua.

"Damu haisubiri tope likauke," Ardis anasema.

Basi hapo ndipo ulipo msiba wa nyumba hii. Mume anaichimbua barabara inayomwezesha mkewe kuishi nyumbani, na analipwa kwa saa kuichimbua.

Imefikaje huko? Ukimuuliza Verle, hazunguki mbuyu. Miaka minne iliyopita bunge la jimbo lilipunguza kodi ya mapato. Waliopunguziwa zaidi ni wenye nacho, na wenye biashara ambazo faida yake huhesabiwa kuwa kipato chao binafsi wakaambiwa wasilipe hata senti moja juu ya faida. Gavana wakati huo alisema fedha itakayobaki mifukoni mwao itaamsha uchumi. Verle aliamini. Alisimika bango la kampeni mbele ya nyumba yake, likakaa hadi jua likalichuja rangi.

"Nilidhani Galen akibakiwa na zaidi, ataajiri zaidi, mji utachangamka," anasema. "Si mtu mbaya Galen. Tulicheza mpira pamoja shuleni. Nikasema, kikimfaa yeye kitatufaa na sisi."

Galen Stucky ana maghala ya nafaka, ana kampuni ya mbegu, ana maduka matatu ya matrekta. Naye hafichi. "Nilikuwa nalipa jimbo elfu arobaini na kitu kwa mwaka," anasema akiwa ameegemea gari lake. "Sasa silipi. Sikuiba. Sheria ndiyo iliyoniambia nisilipe, na wewe ungeambiwa hivyo usingelipa. Na niliajiri, msisahau. Niliajiri wawili."

Ni kweli, aliajiri wawili. Katika miaka hiyo hiyo shule ya mji ilipoteza walimu watatu, na idara ya barabara ikabaki na madereva wanne kati ya tisa. Verle mwenyewe alipunguziwa kodi ya kama dola kumi na tano kwa mwezi. Kisha jimbo lilipoishiwa likapandisha kodi ya mauzo dukani, mpaka ya mkate na maziwa, na zile kumi na tano zikarudi zilikotoka. Fedha iliyokuwa ikiletwa wilayani nayo ikapungua mwaka hadi mwaka.

Mjini Tarrow mambo haya hayajadiliwi ukumbini. Yanajadiliwa saa tatu asubuhi kwenye kona ya kahawa ya chama cha wakulima, ambako wanaume sita au saba hukaa kuzunguka meza moja na kurusha dadu ndani ya kikombe cha ngozi. Anayeshindwa ndiye anayewalipia wote. Desturi hii ni kongwe kuliko wao, na ole wake atakayekwepa.

Asubuhi moja ya Februari Galen alikitikisa kile kikombe, akashinda, akacheka. "Mnaona, jamani? Haki ndiyo hii. Bei ni moja kwa wote. Hakuna anayeniambia, Galen, wewe una matrekta mengi, lipa mara mbili."

"Acha hizo, bwana," akadakia Orville Beal, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa ambaye nusu ya wanaume wale aliwafundisha hesabu. "Dola saba kwako ni kitu gani? Huzioni hata zikidondoka. Kwa Verle ni chakula cha mchana."

"Sasa mwalimu unataka tumwadhibu mtu kwa sababu anaamka mapema, anafanya kazi?"

"Verle anaamka saa kumi na moja alfajiri. Mbona hajatajirika?"

"Verle analala sana mchana," akasema mwingine, meza ikaangua kicheko.

"Cheka tu," Orville akasema. "Nilichokufundisha, Galen, ni kwamba sehemu ya kumi ya kidogo inauma kuliko sehemu ya kumi ya kingi. Ulipata alama mbaya siku ile, na naona hujarudia somo."

Verle alicheka pamoja nao. "Lakini lilinichoma," anasema leo. Kisha ikafika zamu yake ya kurusha, na dadu zikamkataa. Alilipa dola saba na senti kadhaa, na mchana huo akala biskuti za chumvi ndani ya lori.

Mwezi uliofuata madiwani watatu wa wilaya walikutana kuamua hatima ya barabara. Ina urefu wa maili nne. Galen alisimama, akatoa hundi mfukoni, akasema yuko tayari kugharimia ukarabati wa lami kwa fedha yake mwenyewe, kutoka barabara kuu hadi langoni kwake. Maili mbili na nusu. Watu wakapiga makofi.

Verle si mtu wa kusema mbele za watu. Hata harusini kwake alisemewa na kaka yake. Siku hiyo alinyanyua mkono.

"Galen," akasema, "si uongeze robo tatu ya maili tu, ifike kwangu? Unajua hali ya Ardis."

Galen alitazama chini. Alikuwa na haya, wote walimwona. "Verle, ndugu yangu," akasema, "nikianza kwako, kesho atakuja mwingine, na kesho kutwa mwingine. Mimi si serikali."

Sauti ya Orville ikatoka nyuma kabisa. "Wewe si serikali, sawa. Lakini hela za serikali unazo wewe."

Mwenyekiti Lyle Brungardt aligonga meza. "Zawadi ni zawadi," akasema. "Wilaya haina kitu, nami sijui mtu anayekataa zawadi." Wakapiga kura: wawili wakaikubali, mmoja akakataa. Lami itabaki hadi langoni kwa Galen. Kutoka hapo, changarawe. Msimamizi wa barabara akatazama orodha ya madereva wake wanne, na aliyekuwa na leseni ya kuendesha mashine ya kusaga lami alikuwa mmoja tu.

"Angeweza kukataa," mtu atasema. Akatae vipi? Bima ya matibabu ya Ardis inatokana na kazi hiyo hiyo. Akishuka kwenye mashine leo, mwisho wa mwezi bima inakatika.

Galen hakulala vizuri baada ya siku ile, tuseme ukweli. Wiki mbili zilizopita alifika kwa Verle na Ardis na keki aliyooka mkewe, akakaa jikoni, akasema atakuwa analeta gari lake kubwa na dereva, mara tatu kwa wiki, mvua au jua, amchukue Ardis na kumrudisha. Bure. Verle alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Ardis alikataa.

"Nilimwambia asante, na keki nikaila," anasimulia, mkono wake wenye alama za sindano umelala juu ya meza. Ana miaka hamsini na tisa, sauti yake ni ndogo na haina mzaha. "Lakini nishukuru mara tatu kwa wiki? Mpaka nife? Nikiugua ghafla Jumapili nimpigie simu, Galen samahani, najua uko kanisani? Dereva wake akiumwa nimbembeleze nani? Nilipokuwa napita kwenye ile barabara sikuwa namshukuru mtu. Ilikuwa yetu. Tuliilipia, nikaikanyaga."

"Ni kiburi," Verle anasema taratibu.

"Ndiyo, ni kiburi," Ardis anajibu. "Figo sina, mguu wa kushoto hausikii, hicho nacho mninyang'anye?"

Kwa hiyo ameamua. Jumamosi hii binti yao Janelle anakuja kutoka Wichita kumchukua. Huko atalala kwenye chumba cha mjukuu, mwendo wa dakika kumi kutoka kituo cha kusafishia damu. Verle atabaki hapa, peke yake, miaka mitatu, ili bima isikatike. Watakuwa wanaonana Jumapili. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa hawajawahi kulala mbalimbali, ila Ardis alipolazwa hospitali. Sanduku limeshatolewa stoo, liko sebuleni, nguo za baridi zimo tayari ingawa ni Aprili.

"Ameweka za baridi," Verle anasema, akiwa amesimama mlangoni na vumbi la lami mashavuni. Anakwenda kunawa.

Matumaini yao, kama yanastahili jina hilo, yako Topeka, mji mkuu wa jimbo. Jumatano ijayo kamati ya bunge la jimbo itasikiliza maoni juu ya muswada wa kuirudisha kodi ya mapato kwa wenye biashara, na kuwatoza wenye kipato kikubwa kiwango cha juu kuliko wa chini. Raia yeyote anaruhusiwa kusema, dakika tatu. Verle ameomba ruhusa ya siku moja isiyo na malipo. Hajawahi kuingia jengo lile. Mtu huyu ambaye maisha yake yote amenung'unikia kodi, safari hii anakwenda kuiomba.

Saa kumi na mbili jioni, baada ya kula viazi na nyama ya kusaga, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameiandika kwa penseli, wakati wa mapumziko, juu ya usukani. Ardis anamwambia asome.

"'Jina langu ni Verle Dirks,'" anasoma. "'Naendesha mashine za barabara wilaya ya Tarrow. Mimi na mke wangu tuliwapigia kura waliopitisha punguzo hili, kwa hiyo sikuja kumlaumu mtu...'"

"Nitoe mimi hapo," Ardis anasema.

"Nini?"

"Nitoe. Mimi sikuwapigia."

Verle anashusha karatasi. "Ardis, lile bango tulilisimika wote. Ulilishika."

"Nililishika lisianguke. Upepo ulikuwa mkali."

"Miaka minne! Miaka minne unakaa kimya?"

"Ungenisikia, Verle? Kila jioni ulikuwa unakuja na maneno ya Galen mdomoni. Nikaona bora nipike."

Nje upepo unapiga mlango wa ghala. Uso wa Verle umeiva, na macho yake yanahama kutoka kwenye karatasi hadi kwenye sanduku, kisha kwa mkewe. Mtu mwingine angegomba. Yeye anachukua penseli, anafuta "na mke wangu", anasahihisha kilichofuata, anapuliza vumbi la kifutio.

"'Mimi niliwapigia kura,'" anasoma tena.

"Sawasawa," Ardis anasema. "Usiondoe kitu kingine."

Anakusudia kuondoka saa kumi na moja alfajiri siku hiyo ya Jumatano. Tai ataazima kwa Orville. Muswada ukipita, anasema, huenda mwaka kesho wilaya ikapata fungu, huenda mwaka wa tatu lami ikarudi, na akiwa bado kazini ataimwaga yeye. Zile "huenda" anazihesabu kwa vidole, kisha anauficha mkono chini ya meza.

"Nikimaliza kusema nitapitia Wichita," anamwambia mkewe. "Nije nikueleze walivyonijibu."

"Njoo," Ardis anasema, "hata wasipokujibu."