Maji ya bluu kwenye ndoo ya vikonyo

Jamani, leo baba yangu ameua vikonyo vyangu vya kahawa, na mwenyewe bado hajui.

Ile mashine yangu mnaikumbuka. Ndoo yenye mfuniko, pampu ya kurushia maji kioo cha gari, betri ya sola. Vikonyo, yaani vipande vya matawi ya mbuni, nimevibana kwenye matundu kwa vipande vya kandambili, pampu inavinyunyizia maji kwa chini mpaka vitoe mizizi.

Nilivikata kwenye mbuni wa babu, pekee uliosalimika na ugonjwa shambani kwetu. Wiki iliyopita mvua iliporomosha mteremko, mbuni ukaenda nao. Mbegu yetu yote ikabaki ndani ya ndoo.

Juzi mizizi ilichomoza, myeupe. Nikamwita baba. Alicheka mpaka akavua kofia!

Leo nimetoka shule, nikafunua.

Maji ya bluu.

Mizizi imekuwa myeusi, inateleza vidoleni.

"Shikamoo baba. Nani ametia kopa humu?"

"Marahaba. Mimi, mama," akajibu kwa fahari. "Ugonjwa usivifuate na humo. Nimetia ya kutosha."

Kopa ni dawa ya ukungu, tunapulizia mibuni mikubwa, kwenye majani. Mizizi michanga inaiunguza.

Nimemwaga maji, nimeosha ndoo. Vikonyo vilivyokufa nimevitoa; kimoja bado kina jani bichi, nimekirudisha.

Baba amechungulia ndoo sasa hivi, uso umemchangamka. "Vingine umeshavipanda wapi, mama?"

Amesimama mlangoni anasubiri.

Nyie mngemjibu nini?