Bibi wa Kofia Aliyenifuata Cusco

Jamani, leo nimefuatwa na bibi mzima hapa Cusco, Peru!

Wakulima wenzangu wa Mbulu wamebaki na kiongozi wa ziara. Mimi nikatoroka. Nikapita sokoni, nikachukua kiazi cha zambarau kwenye fungu, nikakikwaruza kwa ukucha nione kama ni mbegu nzuri, kama tunavyofanya kwetu Tlawi. Nikaingia vichochoro vya mawe vinavyopanda mlima, nashangaa kuta za kale.

Nageuka, bibi mwenye kofia yuko nyuma.
Nasimama, anasimama.

Nikabana mkoba kwapani. Mama alinionya kabisa: ugenini wezi wengi.

Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. (Huo mlima, mimi nahema, yeye wala!)

Akanifikia. Nikajikuta nasema, "Shikamoo."

Akanyooshea kidole mkono wangu.

Kiazi chake. Bado nimekishika.

Nyie, mngejificha wapi?

Mama, yule mwizi uliyenionya nimemwona. Amevaa sweta uliyonifumia.