Kamshafti Kubwa Imemlaza Mwanangu

Mnisamehe kwa kukaa kimya sana, jamani. Mtoto anaota meno, na mimi silali.

Lakini ya leo lazima nikwambieni.

Tumekwenda gereji kule Ghala, hapa Maskati, mimi na kaka yangu Khalfan, kuchagua kamshafti, kile chuma kinachofungua valvu. Injini ni ya gari la Kimarekani alilotuachia baba, na tunataka iwe na nguvu zaidi.

Khalfan anataka ile kubwa ya mbio, gari lingurume.

Mimi nataka ya wastani, ivute hata kwa mwendo mdogo. Mama anakaa Qantab, ng'ambo ya mlima, na mlima ule naupanda eyasii ya kupoza gari inawaka na mtoto yuko nyuma.

"Hiyo kubwa, ukisimama kwenye taa, gari zima linatetemeka," fundi akasema.

"Wee Salma, unataka gari au kitanda cha mtoto?" Khalfan akanicheka.

Nje palikuwa na gari la mteja lenye kamshafti kama hiyo. Nikampa Khalfan mtoto. "Kaa naye humo liwashwe, kisha uje uniambie."

Nikasubiri kilio.

Gari likatetemeka mpaka vioo vikalia. Mwanangu, ambaye usiku kucha hakulala, akafumba macho. Akakoroma.

Khalfan akashusha kioo taratibu. "Haya, sema."

Fundi akageukia ukutani, mabega yanamcheza.

"Ya wastani," nikasema. "Mama bado anakaa Qantab."

Basi mnaonisoma mlioko Dubai na Amerika, kwenye vipuri, bado nahitaji: kamshafti ya wastani, springi za valvu za kulingana nayo, na gasketi za vichwa vyote viwili vya injini.

Na mwenye gari lenye ile kubwa anirikodie mngurumo wake. Mrefu, tafadhali.