Fundi wa Mwanzo

Fundi Bakili wa mtaa wa Gerezani ana desturi moja ambayo hata malaria haijawahi kumwachisha. Ukimpelekea mashine, iwe jenereta, pampu ya maji au mashine ya kukata nyasi, atafungua mfuniko, atachungulia ndani, atasonya, kisha atauliza: "Hii alikutengenezea nani?" Ukitaja jina, atatikisa kichwa kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Usipotaja, atamtukana fundi huyo hivyohivyo, bila jina.

Nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na minne. Mimi ni Badria, nauza vipuri vya mashine ndogo: plagi, filta, kamba za kuvutia, cheni. Kwa miaka yote hiyo sijamsikia Bakili akisema kwamba aliyemtangulia alifanya kazi ya maana. Ukimsikiliza yeye, Dar es Salaam nzima ina fundi mmoja tu, na waliobaki ni wakaanga maandazi waliopotea njia. Juu ya mlango wa banda lake ameandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: WALIKOSHINDWA WENGINE LETE HAPA. Nilimwambia maandishi hayo yanafaa zaidi kwa mganga. Hakucheka.

Tuseme ukweli, mafundi wote wako hivyo. Fundi cherehani anamponda aliyeshona kabla yake, fundi bomba naye hivyohivyo. Ni namna yao ya kubisha hodi. Ila Bakili kubisha hodi kwake kulimgharimu mtu mmoja ambaye hakustahili kumpoteza.

Mtu huyo ni Mzee Uledi, mwenye karakana ng'ambo ya barabara, yaani ukisimama kwangu unamwona akinywa chai. Bakili alifika kwake akitokea Buguruni, umri miaka kumi na saba, ana suruali moja na maneno ya watu kumi. Mzee alimfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza. Miaka saba Bakili aliosha vyuma, akafuta meza, akashika tochi, mpaka akaweza kuusikiliza muungurumo akakuambia kilichoharibika kabla ya kufungua. Mzee alipoona ameiva alimpa seti ya spana na kumwambia avuke barabara akaanze maisha yake. Spana hizo anazo mpaka leo, na hamwazimi mtu, hata mimi ninayemwekea chakula akichelewa.

Sasa miaka kumi na moja iliyopita mteja mmoja akaleta jenereta. Bakili akachungulia, akasonya, na kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi akasema: "Aliyeigusa hii si fundi, ni mchinjaji! Akauze utumbo machinjioni Vingunguti!" Nilikuwa namkonyeza mpaka jicho likauma. Jenereta ile aliyeitengeneza ni Mzee Uledi, na Mzee Uledi alikuwa amesimama nyuma ya Bakili, kashika kadi ya harusi ya binti yake. Akaiweka kadi mezani taratibu, akavuka barabara akarudi kwake. Na kazi ile ilikuwa safi! Bakili alitukana kwa mazoea tu, hata hajaiangalia sawasawa.

Harusini hakwenda kwa aibu. Aibu ikazaa kiburi, kama kawaida yake. Mkubwa haanzi kuamkia. Mdogo ndiye wa kutoa shikamoo, na Bakili shikamoo ilimkwama kooni miaka kumi na moja. Wanaswali msikiti mmoja, lakini Bakili anatokea mlango wa nyuma, anaokota viatu vyake upesi kama mwizi wa viatu.

Basi Desemba hii, siku ya Jumatano, akaja Heriel. Heriel ana duka la vyombo Kariakoo, mtu wa Machame, na mnajua Desemba watu wa kule wanavyouacha mji kurudi kwao kana kwamba kumetangazwa moto. Alikuwa amebeba msumeno wa mnyororo, chenso ya kizamani, nzito kama mtoto wa ndama, urithi wa marehemu baba yake. Alikuwa anaelekea kwingine, lakini Bakili alishamkamata mkono.

"Boss, karibu boss! Umefika. Inasumbua nini?"

"Inawaka kwa shida, na ikiwaka haina nguvu," Heriel akasema. "Jumamosi alfajiri nasafiri. Mti umeangukia banda la ng'ombe la mama, na ng'ombe wanalala nje na mvua hizi. Ijumaa lazima niwe nayo."

Bakili akafungua, akachungulia, akasonya. "Hii alikutengenezea nani?"

"Mzee wangu alikuwa analeta kwa fundi fulani hapahapa mjini. Zamani hizo. Jina silijui."

Bakili alikuwa ameshafungua kinywa kumtukana huyo fundi fulani, mara akaona skrubu za kabureta. Kila kichwa kilikuwa na tone la rangi ya kucha, nyekundu. Gerezani nzima mtu anayeweka alama kwa rangi ya kucha ni mmoja, na sote wawili tulimjua. Uso wa Bakili ulibadilika, kisha akatukana maradufu, mara hii kwa sauti ya chini.

"Sawa," Heriel akasema, hajui alilolikanyaga. "Ikishindikana nitampelekea yule mzee wa ng'ambo. Nasikia hizi za zamani anazijua."

"Haivuki barabara hii," Bakili akasema. Mkono wake ulikuwa umeshika chenso kama mtu anayeogopa kuporwa.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, na niliona wazi. Mashine yenye alama za mwalimu wake, mashine aliyoitukana, imshinde yeye halafu ipelekwe kwa mwalimu huyohuyo mbele ya macho ya Gerezani yote? Bora mtu afutwe jina.

Akaanza kazi. Na kazi anaijua, sitamnyima hilo. Alikuta bomba la moshi limeziba kwa masizi, akalisafisha. Akakuta mpira wa mafuta umepasuka, nikamuuzia mwingine. Kabla ya adhuhuri alivuta kamba mara moja, chenso ikaunguruma, watu wakageuka. Kitu kimoja kidogo kilimkera: kifuniko cha tangi kilikuwa kinatoa jasho la petroli na kuilowesha meza.

"Badria, nipe kipande cha sabuni."

Nikamkatia kwenye mche wangu wa buluu wa kunawia mikono. Hakuna fundi wa hapa asiyejua dawa hiyo. Tangi likivuja, unakandika sabuni, petroli haiiyeyushi. Akapaka kifuniko kizima kwa kidole gumba, kama anapaka siagi kwenye mkate. Mvujo ukaisha.

Akaiwasha tena kukata kipande cha mbao. Ikakata vizuri, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikakohoa, ikazima. Akavuta kamba, wapi. Akafungua tangi kutazama mafuta, yapo, akafunga, akapaka sabuni upya maana ni mtu nadhifu, akavuta. Ikawaka. Dakika nne, ikazima.

Alhamisi nzima ikawa hivyo. Bakili akabadilisha plagi. Dakika nne. Akabadilisha kiwambo cha ndani ya kabureta. Dakika nne. Akasema ni koili, inapata moto inachoka; nikamletea koili. Vitu vyote hivyo vilitoka kwangu, na sitajifanya mtakatifu, biashara ya siku ile niliipenda. Lakini kufikia jioni nilianza kumwonea huruma. Alikuwa haongei. Bakili asipoongea ni kama Kariakoo isipopiga kelele, unajua kuna kilichoharibika.

"Huyo mtu wako alifanya nini humu ndani?" aliniuliza Ijumaa asubuhi, kana kwamba Mzee Uledi ni wangu. "Kuna kitu alifanya, nakwambia. Kuna ujinga wa zamani humu."

"Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," nikamjibu.

"Mimi sizai."

"Siku ya tatu hii uko na uchungu, kaka yangu."

Baada ya swala ya Ijumaa Bakili alitokea mlango wake wa nyuma kama kawaida, akarudi bandani. Heriel alimkuta ameinamia meza, jasho linamdondoka juu ya zile skrubu nyekundu. Wakati huohuo simu ya Heriel ikaita. Alikuwa mama yake, Mama Candida, na kwa kuwa mikono ya Heriel ilikuwa na mizigo, akaweka sauti ya nje.

"Chenso imepona?"

"Bado mama. Niko kwa fundi."

"Fundi gani? Marehemu alikuwa akisema Dar yote ina fundi mmoja tu. Anaitwa Uledi. Kwa nini humpelekei Uledi? Ng'ombe jana wamelala kwenye matope hadi magotini, mmoja anakohoa."

Nilitazama chini. Fundi mmoja tu Dar yote. Yale yalikuwa maneno ya Bakili mwenyewe, na sasa yamerudi kutoka Machame yakiwa na jina la mtu mwingine. Heriel alikata simu, naye hakujua aangalie wapi.

Nilidhani Bakili atalipuka. Badala yake alijifuta mikono, akaibeba chenso begani, na bila kumwambia mtu neno akaingia barabarani. Basi la mwendokasi lilimpigia honi ndefu ya matusi. Heriel akamfuata. Mimi nikamwomba jirani aniangalizie duka na nikawafuata wote. Tukio kama lile mtu hasimuliwi.

Mzee Uledi alikuwa kwenye kigoda chake, miwani imefungwa kwa waya wa shaba. Bakili akaiweka chenso mezani. Akafungua kinywa. Shikamoo haikutoka. Mzee akamtazama Heriel kana kwamba Heriel amekuja peke yake.

"Hizi skrubu ni zangu," mzee akasema. "Ni mashine ya Isidori wa Machame."

"Ni marehemu baba yangu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Inasumbua nini?"

"Inazima."

"Baada ya muda gani?"

Heriel akamgeukia Bakili. Bakili akamwambia Heriel, "Mwambie dakika nne."

"Dakika nne, mzee."

"Muulize, akifungua tangi halafu akafunga, inawaka?"

"Mwambie inawaka," Bakili akasema, na sauti yake ikafifia katikati ya sentensi. Nadhani ndipo alipoanza kuelewa.

Mzee hakuchukua spana. Aliwasha, akaiacha iungurume mpaka ikakohoa na kuzima. Kisha akakilegeza kifuniko cha tangi nusu mzunguko. Tukasikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akakwangua kifuniko kwa ukucha, akanusa.

"Sabuni ya kufulia," akamwambia Heriel kwa upole. "Kifuniko hiki kina tundu dogo la kuingiza hewa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie. Ukiliziba, tangi linabana, mafuta hayaendi, mashine inakufa. Ukifungua, inafufuka."

Akachukua pini, akalizibua tundu. Akaweka kipete kipya cha mpira ili kisivuje. Akawasha. Dakika nne zikapita, sita, kumi. Akalipasua gogo kuukuu vipande viwili na chenso bado inadai kingine. Mafundi wa pande zote walikuwa wamejaa mlangoni.

Mzee akaizima. Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja, akachungulia tangi, na akauliza lile swali, taratibu:

"Hii alikutengenezea nani?"

Heriel ni mtu mstaarabu. Alimtazama Bakili, akautazama umati, akasema, "Sijui, mzee. Niliikuta hivyohivyo."

Mlango wa nyuma huo, umefunguliwa wazi. Bakili alichotakiwa ni kusonya tu na kusema kuna watu hawana haya, wanaziba tangi kwa sabuni. Amelisema hilo kwa riziki maisha yake yote. Nilijua atalisema, na moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumchukia.

"Fundi wa mwanzo ni mimi," Bakili akasema. "Sabuni ni yangu, mwalimu."

Kwa haki sabuni ilikuwa yangu, lakini nilinyamaza.

"Na ile jenereta haikuwa na kosa," akaendelea, sasa amefunga mikono nyuma kama mwanafunzi, mwanaume wa miaka arobaini na kitu. "Hata sikuiangalia. Shikamoo, mwalimu."

Mzee Uledi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimsubirisha, na alikuwa na haki.

"Marahaba," akasema. "Mchinjaji hajambo?"

Watu walipasuka kicheko mpaka barabarani. Bakili naye akacheka, machozi yanamtoka, hayafuti. "Hajambo, mwalimu."

Mzee akamrushia tambara lenye oili na kumwonyesha meza iliyojaa maranda na sabuni. "Umenichafulia."

Bakili akainama, akaanza kuifuta, kuanzia kona ya kushoto, vile alivyofundishwa.