Nilikata mipini ya ingobyi ili kigari cha mjini kilishinde Cruiser: kisa cha Ngara enzi za wakimbizi

Wakuu, nawasalimu wote, wa lami na wa kwetu migombani.

Jana nimesoma uzi wa jamaa anayeuliza anunue SUV kubwa yenye nguvu ya kuvuta trela, au ile ndogo ya mjini inayonusa mafuta tu. Comment zote zilikuwa za fuel na bei ya spea.

Nikacheka peke yangu, maana swali hilo lilishanitoa jasho kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Naeleza kama ilivyokuwa, na pale nilipofanya ujinga sitajificha.

Mimi ni mtu wa Ntobeye, wilaya ya Ngara. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa dereva wa shirika moja la misaada, jina nalihifadhi. Safari zangu zilikuwa kambini, Ngara mjini na Biharamulo. Biharamulo tulikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa sababu ya majambazi wa porini.

Kijana, miwani ya jua, redio call kiunoni. Nilijiona sana, nakiri.

Kambi zilipopungua watu, shirika likaanza kufunga virago. Likasema litatuachia gari moja watu wa kwetu, likabidhiwe kikundi cha ingobyi.

Kwa wasiojua, ingobyi ni machela yetu: kitanda cha kusuka chenye mipini miwili mirefu. Mgonjwa analazwa ndani, wanaume wanne wanaweka mipini mabegani, wengine wanafuata nyuma ili kupokezana. Milima ya kwetu bila hiyo watu wangekuwa wanafia ndani.

Kikundi kina sheria zake. Ukiitwa, unakuja. Anayekaidi au anayeharibu ingobyi anaweza kufutwa. Ukishafutwa, siku mkeo akizidiwa utambeba mwenyewe mgongoni, na ukifa ndugu zako watajua la kufanya. Kwetu watu waliogopa kufutwa kuliko walivyoogopa polisi.

Basi, magari ya kuchagua yalikuwa mawili.

La kwanza Land Cruiser hardtop, limechubuka kila upande, towbar nyuma. Lilikuwa likivuta trela la tenki la maji kambini. Dereva wake alikuwa Mzee Laurenti, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipiga honi bila sababu.

La pili kigari kifupi cha milango miwili, kilikuwa cha bosi wa ofisi ya mjini. Cheupe, AC inapuliza, redio ya kaseti. Four wheel ilikuwepo, ila nadhani ilikuwa haijawahi kuguswa.

Kikundi kikaniambia, wewe ndiye unajua magari, tushauri.

Hapo ndipo shetani alipoingia. Nilijua gari lolote litakalokuja, dereva nitakuwa mimi. Na mimi nilitaka kuonekana kwenye kile cheupe. Nikawapangia hoja: kinakula kidogo, tairi zake rahisi, kinageuka popote. Kila hoja ilikuwa ya kweli, wakuu. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Adventina, mjane, mkulima wa kahawa na maharage. Hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ile ndoano nyuma ya lile kubwa ni ya nini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Ya kuvutia trela, mama. Sisi trela hatuna."

"Sawa. Tuombe kila gari tukae nalo siku moja. Tuone na ingobyi inavyoingia."

Shirika likakubali. Kigari kwanza, na jioni yake Mzee Laurenti angeleta Cruiser kwa ajili ya kesho yake.

Asubuhi ya siku ya kigari nilichukua ingobyi mapema nikapime peke yangu. Haikuingia. Mipini ilizidi kwa mbali, nikilaza viti inazidi, nikiipitisha mshazari inazidi.

Nikaipeleka kwa fundi seremala pale Mugoma. Nikamwambia kata.

Akaniuliza kama kikundi kinajua. Nikamwambia kinajua. Akakata ncha zote nne, zikabaki za kushika kwa kiganja tu.

Niliporudi ikaingia kama droo kwenye kabati. Watu wakapiga makofi. Mama Adventina hakupiga. Alipitisha kidole pale mti ulipokatwa, bado mweupe na unanuka ubichi, akanitazama.

Mchana mvua ikanyesha. Haikupita saa, akaja mtu mbio: Spesioza, mke wa Melkiori, yuko kwenye uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Hii ilikuwa familia yenye asili ya Burundi, wamehamia bondeni ng'ambo ya kijito, na walikuwa wameingia kikundini msimu uleule.

Nikawasha kigari kwa mbwembwe. Nilishuka nusu ya mteremko, kikakaa. Tope jekundu, unalijua wewe uliyepita huko. Kila nikikanyaga mafuta kinazama, tena katikati ya njia, gari jingine halipiti.

Ikabidi wanaume washuke na ingobyi kwa miguu, nami nikiwa mmoja wao.

Sasa sikilizeni. Mipini mirefu ina kazi yake. Inampa mbebaji nafasi ya kupiga hatua, na bega linapata pa kukaa. Tulipomlaza Spesioza na kuinua, hakukuwa na pa kuweka bega. Tukabeba kwa mikono, tumeinama, kitanda kinakugonga mgongoni kila hatua. Kupokezana hakuwezekani bila kumtua chini. Tulimtua mara nyingi sana kwenye mlima ule. Kila tukimtua alikuwa analia kwa sauti ndogo kuliko mara iliyopita.

Melkiori alikuwa mbele upande wa kulia. Alikataa kabisa kuachia. Mti ulikuwa umemchuna kiganja, damu inachanganyika na mvua, naye anamwambia mkewe kwa Kirundi maneno ambayo sikutaka kuyaelewa, na niliyaelewa.

 

Tulikuwa bado chini tulipolisikia Cruiser juu. Mzee Laurenti alikuwa amefika, Mama Adventina akamweleza kwa maneno machache. Yule mzee akafungua trela akaliacha barabarani. Akateremka kinyumenyume mpaka nyuma ya kigari changu, akafunga mnyororo kwenye ile ndoano ambayo mimi nilisema hatuna kazi nayo. Akaweka gia nzito ya low, akapanda taratibu, bila kelele, bila kurusha tope. Kigari kikatoka kikiburutwa kama mbuzi anayekataa kwenda mnadani.

Alipokifikisha pakavu, akarudi tena kinyumenyume, akatufuata mpaka pale tulipokuwa. Tukamwingiza Spesioza amelala vilevile, na watu wanne wakakaa pembeni kumshikilia. Wakuu, nimeendesha magari mengi, lakini udereva wa siku ile ninauvulia kofia mpaka leo.

Hospitali, muuguzi alisema, "Mmechelewa, ila mmefika." Wakampasua. Mtoto wa kike, akalia. Mama akapona.

Siku ya tatu kikundi kikakaa kwenye madawati ya shule ya msingi. Ajenda ni gari. Mama Adventina akasema mshauri wetu aanze.

Hakuwa amemwambia mtu kuhusu mipini. Wengi walidhani shirika ndilo lililoikata. Ningeweza kunyamaza, na nadhani alinipa ile nafasi makusudi ili aone nitaitumiaje.

Nikasimama. Nikasema gari ni Cruiser, na mipini nilikata mimi, nikamdanganya na fundi, kwa sababu nilitaka kuendesha kile cheupe.

Kisha mzee mmoja akasema sheria inajulikana, huyu afutwe. Wengine wakaitikia. Mke wangu alikuwa amekaa benchi la wanawake, ana mimba ya miezi saba. Nilimwona anaangalia chini.

Mama Adventina akasema, "Aliyekosewa hajasema." Akamgeukia Melkiori.

Jamaa alikuwa mgeni pale, Kiswahili chake cha kuokoteza, mkono umefungwa kitambaa. Akainuka polepole.

"Nilikuwa mbele yake siku ile," akasema. "Nilimsikia nyuma yangu anavyohema. Hakuachia. Mkimfuta, mkewe atabebwa na nani? Mimi nitakwenda kumbeba, na mtanifuta na mimi."

Akakaa.

Nimeshatoa machozi mbele za watu mara mbili maishani. Hiyo ni mojawapo.

Sikufutwa. Nilipewa adhabu ya kutafuta miti mipya na kuifunga mwenyewe, na usukani nisiuguse mpaka niwe nimebeba kwa bega wagonjwa watano. Mzee Laurenti aliomba ruhusa kazini akaendesha kipindi hicho. Cruiser likawa letu. Baadaye Mama Adventina akaazima trela parokiani, likawa linapeleka ndizi na maharage ya wanakikundi Biharamulo, pesa ya mafuta ya kubebea wagonjwa ikawa inatoka humo. Yeye aliliona hilo tangu siku ya kwanza, wakati mtaalamu mimi naangalia AC.

Miezi miwili baadaye mke wangu akashikwa uchungu. Njia ilikuwa imekatika, Cruiser likabaki juu linasubiri. Nilipofungua mlango nikamkuta Melkiori amesimama uani na ingobyi, peke yake, amewatangulia wenzake wote.

Funzo langu, mkuu uliyeuliza: gari dogo si baya, kwenye lami mimi mwenyewe ninalo. Ila usianze na gari. Anza na unachobeba na njia unayopita. Na ukijikuta unakata mzigo ili utoshe kwenye gari, jua umeshachagua vibaya.

Waliokuwa Ngara na Biharamulo miaka ile, njooni mseme yenu. Na wa mjini pia, mlichagua lipi na kwa sababu gani ya kweli?