Mbuga Iliyokataa Kushika Maji

Majirani wa Mtoni Kijichi hawakuwahi kuielewa vizuri kazi ya Genoveva. Wengine walidhani anachimba visima, wengine wakasema anapima viwanja, kwa sababu walimwona akitoka alfajiri na mabuti ya mpira na kurudi jioni na matope hadi magotini. Akiulizwa, alijibu, "Mie naangalia udongo tu," na watu wakaliacha hapo.

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kuangalia tu. Kampuni ndogo aliyoifanyia kazi, yenye ofisi ya vyumba viwili Sinza, ilikuwa ikiitwa na watu waliotaka kujua ardhi yao inafaa kitu gani. Kila alikoitwa, Genoveva alichimbisha shimo refu kuliko kimo chake, akashuka ndani, akauparura ukuta wa shimo kwa kisu mpaka tabaka zikajitokeza, moja juu ya nyingine. Kisha alianzia juu kwenda chini. Hapa mizizi ni mingi, hapa imekwisha. Hapa rangi ni nyeusi, hapa kijivu. Hapa udongo unavunjika vipande vyenye pembe, hapa unapukutika. Mwisho alichukua donge, akalilowesha kwa maji ya chupa, akalikanda kiganjani na kulisukuma kwa dole gumba juu ya kidole cha shahada, litoke kama utepe. Utepe ukiwa mrefu na wenye kunata, huo ni mfinyanzi. Ukikwaruza, una mchanga. Ukiteleza kama unga wa sembe uliolowa lakini utepe ukakatika mapema, basi ni mchangatope, chembe zilizo ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi, zile zinazoletwa na maji ya mafuriko na kuachwa bondeni.

Alikuwa hodari. Aliyajua haya tangu ujana wake, alipotoka Kagera kuja kusoma, na Brightson, ambaye sasa ndiye mkuu wa ofisi, alijifunzia kazi shimoni pamoja naye. Sampuli zilipaswa kupelekwa maabara, lakini mteja akiwa na haraka Brightson alikuwa akisema, "Mama Geno ameshashika. Inatosha."

Ganzi ilianzia miguuni. Genoveva alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, akimeza vidonge vyake, akila ugali wa dona kama alivyoambiwa, na siku nyingine akiacha vyote viwili akiwa safarini. Kwanza nyayo zilikuwa kama zimevishwa soksi. Baadaye vidole vya mikono navyo. Alikuwa akichukua sufuria jikoni na kushtuka kwa harufu ya ngozi yake ikiungua kabla hajashtuka kwa moto. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu imeharibika.

"Nguvu ya kuhisi itarudi?" Genoveva aliuliza.

"Tukidhibiti sukari, tutazuia ganzi isiendelee."

"Nimeuliza kama itarudi."

Daktari alizungusha kalamu mezani. "Sijaona ikirudi, mama."

Hakumwambia mtu ofisini. Hata mumewe, Adelard, fundi seremala wa Keko, alimwambia nusu tu: kwamba vidole vinachoka. Maana kama angesema yote, angesema pia kwamba hana kazi, na yeye hakujua afanye nini kingine duniani.

Akapata njia. Wapimaji wa zamani walikuwa wakiuonja udongo. Chembe kidogo ya mchangatope ukiiweka kati ya meno ya mbele, inasaga kidogo sana, kama vumbi la kokoto, lakini mfinyanzi hausagi kabisa, unateleza kama siagi. Genoveva akaanza kugeuza uso pembeni na kupeleka kidonge cha udongo mdomoni, kisha anatema, anasukutua. Kwa karibu mwaka mzima meno yalifanya kazi ya vidole na hakuna aliyejua.

Kisha fizi zikaoza. Hilo nalo ni la sukari. Akang'olewa meno ya mbele ya chini, mdomo ukajaa vidonda, na daktari akamkataza hata chakula kikavu.

Ni katika majuma hayo kikundi cha akina mama kilipoita ofisi. Walikuwa na mbuga nyuma ya Chamazi, tambarare ya nyasi ndefu ambayo watu walikuwa wakichungia ng'ombe kabla ya nyumba kuizunguka. Walitaka kuchimba mabwawa ya samaki, sato na kambale. Mwenyekiti wao aliitwa Mwanaheri, mjane wa makamo aliyekuwa akiuza vitumbua, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Swali lake lilikuwa moja: ardhi hii itashika maji?

Brightson alimtuma Genoveva. Shimo lilichimbwa katikati ya mbuga, na akina mama wakakaa juu kwenye nyasi wakimtazama.

Juu palikuwa na udongo mweusi, mzuri, uliofumwa na mizizi ya nyasi mpaka kisu kikakwama. Hilo lilikuwa wazi. Chini yake rangi ilififia taratibu kuwa kijivu chenye michirizi ya kutu, alama ya maji yanayopanda masika na kushuka kiangazi. Hilo nalo aliliona kwa macho. Tabaka la tatu ndilo lililokuwa na jibu, maana juu yake ndipo sakafu ya bwawa ingekaa: mfinyanzi ungeshika maji, mchangatope ungeyavujisha. Lilikuwa la kijivu, laini, likimeta kidogo kisu kilipopita. Mfinyanzi humeta hivyo. Mchangatope uliolowa nao, mwanga ukiwa mkali, humeta hivyo.

Alilowesha donge, akalikanda. Alikuwa akiutazama mkono wake ukikanda kama anatazama mkono wa mtu mwingine. Utepe ulitoka, ukakatika. Je, umekatika kwa sababu ni mchangatope, au kwa sababu amebana vibaya? Akajaribu tena. Safari hii ulitoka mrefu kidogo. Akapeleka donge karibu na mdomo, akakumbuka vidonda, akaona pia nyuso za wale akina mama zimeinama juu yake zikingoja. Akalishusha.

"Vipi, mtaalamu?" Mwanaheri aliita kutoka juu. "Maji yatakaa?"

Genoveva angeweza kusema subirini maabara. Neno hilo lilikuwa limeshafika kooni. Lakini wangeuliza kwa nini, Brightson angeuliza kwa nini, na kila swali lingeishia kwenye vidole vyake.

"Yatakaa," alisema. "Huku chini ni mfinyanzi."

Wakapiga vigelegele. Mmoja akamvuta mkono kumtoa shimoni, akina mama wakamlazimisha achukue embe na kitenge.

Walichimba kwa majembe, wao wenyewe na waume zao, wakati wote wa kiangazi. Masika yalipokuja mabwawa yalijaa, wakapandikiza vifaranga vya samaki, na Mwanaheri akampigia Genoveva simu amsikilizishe makelele ya watoto wakirusha pumba majini. Genoveva alifurahi. Kwa muda aliamini kwamba mkono wake ulikuwa umesema kweli.

Mvua zilipokatika na maji ya ardhini kushuka, mabwawa yalianza kupungua. Kwanza walidhani ni jua. Wakajaza kwa pampu, yakapungua tena, na kila walipojaza yaliondoka upesi zaidi. Asubuhi moja walikuta samaki wamelala ubavu kwenye tope, wengine bado wakifungua na kufumba midomo, na kunguru wamejipanga ukingoni.

Brightson na Genoveva walikwenda pamoja. Brightson alishuka kwenye bwawa kavu, akachimba kidogo kwa koleo, akachukua donge, akalilowesha. Hakuhitaji hata dakika. Utepe ulikatika mfupi kama ukucha, na kiganja chake kikabaki na ungaunga wa kijivu. Akaukanda tena, kana kwamba alitaka ubadilike.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huu ni mchangatope. Wote. Hakuna mfinyanzi hapa."

"Naona."

"Sasa ulishikaje?"

Genoveva alinyoosha mikono yake yote miwili mbele yake, viganja juu. "Sihisi kitu, Brightson. Nimekuwa sihisi muda mrefu. Ukinichoma sindano hapa, sijui mpaka nione damu."

Brightson aliliachia donge lianguke. Halafu akasema jambo ambalo Genoveva hakulitarajia. "Nilikuwa nahisi kuna kitu. Zile sampuli zako za mwaka jana, mie nilikuwa nazirudia mwenyewe Jumamosi ofisini. Zilikuwa sawa zote. Nikaona nimekudhania vibaya, nikaacha kurudia."

Zilikuwa za meno zile. Genoveva hakumwambia.

Mwanaheri alikuwa amesimama ukingoni, amejifunga kanga kiunoni. Alikuwa amesikia yote. Hakupaza ile sauti yake. Aligeuka tu, akaanza kuokota samaki mmoja mmoja na kuwatia kwenye ndoo, ingawa walikuwa wameshaanza kunuka.

Hakuna aliyemfukuza Genoveva kazi. Brightson alimpa kiti ofisini apokee simu, na wateja walipouliza kama yeye ndiye yule mama wa Chamazi, alijibu ndiyo. Haikupita muda mrefu akaacha kwenda.

Adelard alimchukua akaenda naye Keko. "Njoo ukae na mimi huko," alisema. "Nyumbani utajichosha na mawazo." Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, mbao zimeegemezwa ukutani, vitanda na makabati yamepangwa nje kungoja wanunuzi. Siku za mwanzo Genoveva alifagia maranda. Kisha akaomba kazi ya maana, na Adelard, kwa kumwonea huruma, akampa kupiga msasa ubao wa kichwani wa kitanda cha mbao za mkongo ambacho mtu alikuwa amekiagiza kwa ajili ya harusi ya binti yake.

Alipiga msasa asubuhi yote. Ilikuwa kazi iliyomfaa, kwenda na kurudi, vumbi laini likidondoka magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijisikia akiimba nyimbo za kwaya chinichini. Adelard alikuwa upande wa pili akiranda. Aliyepita njiani ndiye aliyepiga kelele.

"Mama! Mama, damu!"

Msasa ulikuwa umepita ncha za vidole vitatu, ukala ngozi, ukaendelea. Ubao wote ulikuwa umepakwa michirizi myekundu iliyoingia ndani ya nyuzi za mti. Adelard alimfunga mkono kwa fulana yake, akampeleka zahanati, akarudi na kujaribu kuiondoa ile damu kwa msasa mwingine. Haikutoka yote. Mwenye kitanda alikuja, akatazama, akasema hawezi kumpa mwanawe kitanda chenye damu, na hapakuwa na namna ya kubishana naye.

Vidonda vya mtu mwenye sukari haviponi haraka. Kimoja kilikula mpaka kwenye kiungo, na hospitali wakakikata kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Bandeji ilipotolewa alikwenda Chamazi peke yake. Mwanaheri alimkuta mlangoni, akamkaribisha ndani, akamwekea chai. Hakuuliza habari ya mkono, ingawa aliutazama.

"Nimekuja kuomba radhi, dada," Genoveva alisema. "Siku ile nilijua sijui. Nikasema."

"Najua. Nilikusikia ukimwambia yule kijana wako."

"Kikundi kinaendeleaje?"

"Kikundi hakipo." Mwanaheri alisogeza kikombe. "Kila mtu alirudi kwenye lake. Wengine hawanisalimii, wanasema mie ndiye niliyekuleta. Mbuga tumemwachia mwenye ng'ombe."

Nje mtoto alikuwa akilia.

"Nimekusamehe," Mwanaheri alisema mwishowe, "wallahi sina kinyongo. Lakini usije tena, dada yangu. Wakikuona hapa kwangu watasema tulikuwa pamoja tangu mwanzo."

Genoveva aliimaliza chai kwa sababu ilikuwa imemiminwa, akashukuru, akaondoka kwa njia ya nyuma kama alivyoelekezwa.

Sasa anashinda Keko kwenye kiti cha plastiki, akiwajibu wanaouliza bei na kumwita Adelard. Mikono huiweka mapajani. Jumapili baada ya misa Adelard humkata kucha, taratibu, kidole kwa kidole, akiogopa kumjeruhi. Genoveva huinama kutazama mkasi unavyokwenda, kwa sababu akitazama kando hawezi kujua kama mumewe bado amemshika mkono au ameshauachia.