Swichi ya Kumpunguzia Mama Mwanga

Mume wangu ni mchongaji, na ugonjwa wake ni mmoja tu: kila kitu nyumbani kwetu mtaani Mbotela lazima kizungukwe na mti. Kioo kina fremu, saa ina fremu, hata kalenda ya kanisa, ambayo hutupwa kila Desemba, ina fremu. Kwa hiyo mama yangu alipokuja kutoka Ukambani kutolewa mtoto wa jicho, nami nikasema sebuleni tuweke swichi ya kupunguza mwanga, nilipaswa kujua mapema mambo yangeelekea wapi.

Swichi aliichagua kwa umbo. Ilikuwa ya mraba, na mraba, aliniambia, unachongeka vizuri. Akaichongea fremu ya mpingo yenye twiga wawili walioinamiana, akaigundisha ukutani, ndipo akakumbuka kuwasha taa.

Taa zetu ni zile ndogo za volti kumi na mbili zilizozama darini, kila moja na transfoma yake juu ya bodi za dari. Ukizungusha swichi hadi mwisho, zilimulika kwa ukali wake wa kila siku. Ukipunguza kidogo tu, transfoma zilinguruma na taa zikapepesa. Jicho lililotoka kupasuliwa halitaki ukali, na kupepesa ndiko halitaki kabisa.

Kwetu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana mpaka wanachekesha. Hawa wawili huzungumza kupitia kwangu hata wakiwa chumba kimoja.

"Mama watoto, hebu muulize mama kama mwanga unamfaa."

"Mwambie unafaa sana," mama akajibu, macho kayafumba nyuma ya miwani nyeusi. "Na mwambie kazi ya mikono yake ni nzuri."

Kazi yenyewe hakuwa ameiona. Akaaga akalale, na chakula chake kikamfuata chumbani. Kesho yake vivyo hivyo. Mume wangu akawa anatembea kifua mbele, maana amesifiwa na mama mkwe. Mimi nilikuwa na hasira na wote wawili. Mama alikuwa amekuja kukaa kwangu kwa mara ya kwanza tangu niolewe, na alikuwa anakula peke yake gizani kwa sababu ya adabu.

Nikazima umeme, nikapanda stuli, nikateremsha transfoma moja. Niliitia mkobani kando ya Biblia nikaenda nayo duka la vifaa vya umeme karibu na Jogoo Road.

"Sasa mathe," muuzaji akanisalimu. Nilimweleza taabu yangu, akaigeuza ile transfoma akasoma maandishi yake. "Hii ni ya elektroniki, na hizo balbu zenu za LED hazili stima nyingi. Swichi yenu ni ya zile balbu za kitambo, inataka mzigo mkubwa. Beba swichi hii, itaskizana na hiyo transfoma."

Ilikuwa ya duara, tena kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Duara?" mume wangu akashangaa. "Na fremu?"

"Baba watoto, mama halali mapema. Anaikimbia swichi yako."

"Si alisema inafaa?"

"Ulitaka akuambie nini, na wewe ni mkwe wake?"

Akaitazama fremu. Kisha akaenda kuchukua patasi. Alilipanua tundu mwenyewe, taratibu, na duara likaondoka na vichwa vya twiga wote wawili. Nilimwonea huruma. Nilicheka pia, lakini jikoni, nikiwa nimefunga mlango.

Jioni, swichi mpya ikiwa ukutani na transfoma imerudi darini, akatoka nje akae na majirani, ili mama apate nafasi ya kuja sebuleni bila haya. Nilipunguza taa mpaka zikabaki na mwanga mwembamba. Hakuna kilichonguruma. Mama akaketi, akavua miwani, akangoja kidogo, kisha akainuka akaizungusha swichi mwenyewe. Aliongeza mwanga kidogo, akapumzika, akaongeza tena, mpaka akaweza kunitazama usoni.

Alinitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi," akasema. "Na mimi nimekuwa nikikuombea kana kwamba ungali msichana."

Nikasogeza kiti changu karibu naye ili aendelee kunitazama.